Tiketi ya Watu Sita na Mama Mkwe

Nilisafiri kwenda Mwanza kwa sababu ya ubishi. Wengine husafiri kufuata matibabu au kwenda kuzika. Mimi niliondoka Nyahanga, hapa Kahama, na watu watano nyuma yangu kwa sababu nilibishana na mke wangu mbele ya duka la Bwana Abeid, tena nikashinda. Kushinda huko ndiko kulikoniponza.

Wakati ule nilikuwa natengeneza baiskeli chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara. Pamba ilikuwa imetoka vizuri, na mkulima akishauza pamba yake kitu cha kwanza anachokumbuka ni baiskeli iliyolala ndani tangu masika, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Wiki chache kabla ya Saba Saba, Bwana Abeid alibandika tangazo kwenye mlango wa duka lake. Bwana Abeid alizaliwa hapa hapa Kahama, ila babu yake alitoka pwani, na kila kitu kigeni kinachofika mjini kwetu hupitia kwake kwanza. Tangazo lilisema kwamba Mwanza umefunguliwa uwanja wa michezo ya kupanda: farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, na gurudumu moja refu kuliko mnara wa kanisa, lililotundikwa vikapu vya kukalia watu. Picha ya gurudumu hilo ilikuwepo. Niliitazama mpaka nikaanza kuhesabu spoku. Fundi gani wa magurudumu anayeweza kulisikia gurudumu la namna ile akabaki nyumbani?

Tiketi zilikuwa za aina tatu, na Bwana Abeid ndiye aliyepewa kuziuza. Ya kwanza ilikuwa ya kuingia tu, ukawatazame wenzako wakicheza. Ya pili ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, kila mtu anachagua michezo mitatu. Ya tatu ilikuwa kadi kubwa ya kijani iliyoandikwa Tiketi ya Familia: watu sita, michezo yote, kutwa nzima.

"Tuchukue za mmoja mmoja," mke wangu alisema. "Kabula akisinzia, tiketi yake inangoja. Na wewe ukisusa katikati, sisi tunaendelea."

"Tiketi ya mmoja mmoja ni ya wahuni," nilijibu, na nilihakikisha watu waliokuwa kwenye foleni ya sukari wananisikia. "Mimi nina familia."

"Baba Milembe, geuza kwanza hiyo kadi," Bwana Abeid alisema. "Nyuma kuna masharti."

"Bwana Abeid, nimesoma mpaka darasa la saba. Maandishi ya mbele yananitosha."

Akachukua kalamu aandike majina, maana kadi ile ilitaka majina. Mimi, mke wangu, Milembe wa miaka tisa, Masanja wa miaka saba na Kabula wa miaka minne. Tulikuwa watano. Akauliza wa sita ni nani. Mke wangu akasogea karibu na ile kalamu, na mwanamume mwenye akili angeogopa. Akasema, "Andika Mama."

Mama yake ni mkwe wangu, na kwetu Wasukuma mkwe ni heshima ya kukimbia. Mwanamume hampi mama mkwe wake mkono. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hakalii kiti kimoja naye, na akimwona anakuja njiani hujifanya ana haja porini. Kwa miaka kumi ya ndoa yangu nilikuwa ninamjua mama yule kwa kisogo na kwa sauti. Tulikuwa tunasalimiana kupitia kwa watoto, kila mtu upande wake wa ukuta, na tulipendana sana kwa njia hiyo.

Usiku wa siku hiyo mke wangu alinieleza, bila ubishi sasa. Mama yake ni Mzinza, amezaliwa ng'ambo ya ziwa, akaolewa huku kwetu kwenye vumbi akiwa msichana. Hajaliona tena ziwa tangu siku hiyo. Na macho yake yameanza kuingiwa na ukungu. Mganga wa hospitali alimwambia utazidi mpaka ufunge kabisa, labda akubali kukatwa, naye amekikataa kisu. "Anataka aliangalie ziwa mara moja wakati bado anaweza," mke wangu alisema. "Akiwa juu ya hilo gurudumu lako ataliona lote, mpaka kwao." Nikasema sawa. Nilijipa moyo kwamba uwanja ni mkubwa, wanawake watatembea huku na mimi nitatembea kule.

Siku ya safari tuliamka jogoo la kwanza, tukapata lori la kutupeleka Isaka kulikokuwa na stesheni. Mama mkwe alipewa nafasi mbele kwa dereva. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia, nikakaa nikitazama tulikotoka ili nisije nikakiona kisogo chake kwenye kidirisha. Nilifika Isaka nikiwa na vumbi lote la wilaya.

Stesheni ya Isaka ilikuwa na benchi moja lenye kivuli, na bila shaka mkwe ndiye aliyelikalia. Nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, juani. Treni ilichelewa, kama kawaida ya treni. Baada ya muda Milembe alikuja mbio.

"Baba, bibi anasema, mwambie baba yako kivuli hakina mwenyewe, yeye anaweza kugeukia ukutani."

"Mwambie bibi yako nashukuru, jua la Isaka halinichomi."

Akarudi mbio, kisha akaja tena. "Bibi anasema anakusikia unavyohema."

Ndani ya behewa la daraja la tatu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu viti vyake vinatazamana. Watoto walipata dirisha, mke wangu akakaa na mama yake, mbele yao kukabaki nafasi moja wazi, yangu. Nikaenda kusimama mlangoni pamoja na kuku wa watu. Tulipita Shinyanga nimesimama. Tulipita Malampaka nimesimama. Mkagua tiketi alinikuta pale akaniuliza kwa ukali kwa nini naziba njia na kiti kipo.

"Mkwe," nilimwambia, nikaonyesha kwa kidevu bila kutazama.

Akachungulia ndani, uso ukalainika. Alikuwa Msukuma. "Aa. Basi simama, baba," akasema, akanitobolea tiketi kwa upole kama anayetoa pole ya msiba.

Alasiri tulishuka Mwanza, miguu yangu ikiwa imevimba kama ya mtu aliyetembea. Mwenyeji wetu alikuwa shemeji Mabula, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi ya kupakia mizigo bandarini na kukaa Mabatini katika vyumba viwili. Alitupokea kwa samaki na ugali, na kwa cheko. Mama yake alikula ndani, mimi nilikula nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mvua ndogo ikaanza.

"Shemeji, ingia basi, tuweke hata pazia," alisema.

"Mvua ya Julai haijawahi kuua mtu."

"Julai hakuna mvua, shemeji. Hiyo ni jirani anamwaga maji."

Asubuhi ya Saba Saba Mabula alikwenda kazini, sisi tukaenda uwanjani. Ilikuwa siku ya mwisho ya michezo ile, na kesho yake treni yetu ilikuwa inarudi. Nilitangulia hatua ishirini, kadi ya kijani mkononi. Nikaliona gurudumu kwa mbali, juu ya mapaa, likizunguka polepole, nami nikasahau miguu, mkwe na kila kitu. Nilipolikaribia nililisikiliza. Lilikuwa likilia kwenye ekseli. Nikajiambia, gololi hizi hazijaona grisi tangu zitoke kiwandani, lakini wenye mali hawakuniuliza.

Tukaanza na farasi wa mbao, kama walivyotaka watoto. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyuma ya karatasi ni sehemu ya karatasi. Mlinzi wa farasi aliigeuza kadi na kusoma: "Wote sita wapande kwa pamoja katika kila mchezo. Mmoja akikosekana, tiketi haitumiki." Mke wangu alinitazama tu.

Kwa farasi tuliokoka. Mama mkwe aliwekwa juu ya farasi mweupe upande mmoja wa duara, mimi nikapanda mwekundu upande wa pili kabisa, nguzo ya katikati ikitukinga. Muziki ukalia, tukazunguka. Nilikuwa namkimbia mkwe wangu na wakati huo huo namfukuza, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyemfikia mwenzake. Vigari vya kugongana tuliviruka wote. Hata mimi najua mahali pa kukomea.

Saa sita mchana tulifika chini ya gurudumu. Aliyekuwa akiliendesha alikuwa bwana mmoja mnene mwenye kofia nyekundu, na alipofungua tu mdomo nilijua ni Mzaramo, yaani mtani wangu. Akanionyesha kikapu: mabenchi mawili yanayotazamana, watu watatu huku, watatu kule. Nilipiga hesabu ya haraka. Nikikaa mkabala na mkwe, namtazama usoni. Nikikaa upande wake, tumekalia benchi moja. Tena angani, ambako hakuna pori la kukimbilia.

"Mimi nabaki," nilisema. "Wapandishe hawa."

"Haiwezekani, mtani. Watu sita wa kadi, na kila mtoto na mtu mzima wake."

"Basi niuzie za mmoja mmoja."

"Za mmoja mmoja zimekwisha tangu asubuhi. Wenye akili walinunua hizo."

Mke wangu alikohoa. Nyuma yetu foleni ilianza kulalamika. Nilimweleza yule bwana kwamba ni mkwe wangu, kwamba kwetu haiwezekani, kwamba ni bora anitundike kwa nje ya kikapu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Msukuma anaogopa bibi kizee kuliko simba!" Watu wakacheka naye, na kwa mtani huna pa kukasirikia.

Sikucheka, maana niliona jambo ambalo wao hawakuliona. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni akiwa ameinua uso kuelekea kule upepo wa ziwa unakotoka, akikaza macho, na mbele yake kulikuwa na ukuta wa bati na migongo ya watu tu. Amesafiri njia yote ile na ziwa liko nyuma ya bati. Na aliyemzuia asilione ni mimi, mimi na heshima yangu na kadi yangu ya kijani. Niliona haya kweli kweli.

Milembe alinivuta shati. "Baba, bibi anasema, mwambie baba yako nimekuja kuona ziwa, sikuja kumwona yeye."

"Mwambie bibi yako..." nikaanza.

"Anasema pia, ajifunike."

Mke wangu alikuwa ameshavua kanga yake ya juu. Akanitupia kichwani, akaizungusha mpaka mabegani, akaifunga fundo nyuma kama anayefunga mzigo wa kuni. Nikaongozwa kwa mkono, nikapanda, nikakalishwa kwenye benchi na Kabula mapajani. Nilisikia mwanamke mmoja kwenye foleni akiuliza kama yule ni mgonjwa, na mwingine akamjibu hapana, ni bibi harusi. "Hongera, mtani!" mtu wa kofia nyekundu akapaza sauti. "Leo umeolewa!" Na gurudumu likaanza.

Sijui kama msomaji amewahi kupandishwa juu bila kuona. Tumbo hubaki chini, wewe unakwenda. Nilishika chuma kilichokuwa mbele yangu kwa mikono yote miwili, nikisikiliza ile ekseli ikilia, na kila ilipolia nilijua kwa ufundi wangu kwa nini inalia. Watoto walikuwa wakipiga vigelegele. Tukapanda, tukapanda, kisha pakasikika mlio wa chuma kukwaruza chuma, kikapu kikatikisika, na gurudumu likasimama. Tulikuwa juu kabisa. Kikapu kikaanza kubembea.

"Mayu wee!" nilipiga kelele. Ndivyo Msukuma anavyomwita mama yake anapodhani anakufa. Mama yangu mzazi alikwisha fariki zamani.

Ikaja sauti kutoka mbele yangu, sauti niliyoijua kwa miaka kumi kupitia ukutani, na safari hii haikumpitia mtoto.

"Tulia. Nipo."

Nikatulia. Mama mkwe akakohoa, akarudi kwenye adabu.

"Milembe, mwambie baba yako tumesimama mahali pazuri. Ziwa lote liko wazi. Mwambie maji ni ya buluu karibu, na kule mbali ni meupe kwa jua. Kuna mawe makubwa yamepandana majini, na ndege weusi wamekaa juu yake wanakausha mabawa. Mwambie kuna mitumbwi mitatu inarudi, wa katikati umejaa sana. Na ng'ambo ile, milima ile miwili, kwetu ni nyuma yake. Kuna moshi mdogo unapanda. Watakuwa wanakausha samaki."

"Bibi, mbona mimi sioni moshi?" Milembe akauliza.

"Wewe una macho ya kitoto. Mwambie baba yako."

Milembe aliniambia yote, neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimeyasikia. Mafundi walikuwa chini wakigonga kwa nyundo, wakituweka kule juu muda usionunulika kwa tiketi yoyote. Mama mkwe hakuuliza hata mara moja tutashuka lini. Aliendelea kutazama na kunitumia habari, na mimi ndani ya kanga, mwenye macho mazima kuliko wote, niliona maua mekundu ya kitambaa tu. Nililia kidogo pia. Kanga ina faida zake.

Tuliposhushwa, mtani wangu aliomba radhi kwa kutuweka. Nilimwambia atie grisi, kisha nikamshukuru, akashangaa.

Njiani kurudi nilisimama tena mlangoni mwa behewa mpaka Isaka. Mama mkwe alikaa dirishani amefumba macho, alivyoniambia mke wangu, akitabasamu kama mtu anayekariri kitu asikisahau. Nyahanga watu walinizingira kibandani wakitaka kujua nimeona nini. Niliwasimulia ziwa kutoka juu: mawe, ndege, mitumbwi mitatu, moshi wa ng'ambo. Bwana Abeid akasema hajawahi kumsikia mtu aliyetazama vizuri namna ile. Mke wangu akaenda kuchekea jikoni.

Sasa imepita miaka mingi. Ukungu ulifunga kabisa, kama mganga alivyosema, na mama mkwe akahamia kwetu. Chumba chake kinapakana na banda langu la kazi, ukuta mmoja katikati. Milembe ameolewa, kwa hiyo siku hizi anayetumwa ni Kabula. Hunijia nikiwa naziba pancha, aseme, "Baba, bibi anasema, mwambie baba yako anisimulie ziwa."

Basi natazama gurudumu la baiskeli lililo mbele yangu, nainua sauti ipite ukutani, namsimulia. Namwambia maji ni ya buluu karibu na meupe mbali. Namrudishia maneno yake mwenyewe kwa mpangilio wake, kwa kuwa mengine sina, na ziwa lile nililiona kwa macho yake tu. Watu waliwahi kuniuliza nilijifunza nini kwenye safari ile. Huwa nawaambia kwamba ukiwa na karatasi uigeuze. Na kwamba tiketi ya familia ndiyo niliyopaswa kununua. Mke wangu, anayesubiri nikiri kwamba za mmoja mmoja zilikuwa bora, bado anasubiri.

Juzi mteja alikuwa ananiharakisha, nikasimulia huku napiga pampu. Nikafika kwenye mitumbwi, nikasema ilikuwa miwili.

"Mitatu," sauti ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta, na Kabula hakuwepo.

Niliweka pampu chini. Nikasema mitatu, na wa katikati umejaa sana.

"Enhe," mama akasema. "Endelea."